Nyota Yenye Mkia Juu ya Ua wa Rafiki Yangu

"Huku chini nikate, mzee?" aliniuliza mama mwenye duka la picha pale Kayanga. Nikamjibu, "Acha kama ilivyo."

Hakuna aliyenilazimisha. Sikuwa na haraka wala sikuwa nimekunywa. Mama yule alikuwa ameshika kipanya cha kompyuta anasubiri neno langu, na mstari wa kukatia alikuwa ameshauweka. Juu ya mstari kulikuwa na anga na nyota yenye mkia. Chini ya mstari kulikuwa na rafiki yangu, amesimama uani kwake na magunia yake ya kahawa. Ningesema "kata", jambo lingekwisha pale pale.

Nilikuwa mpiga picha kwa zaidi ya miaka thelathini. Baada ya kumaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani mwaka mzima nikisubiri kazi ambayo haikuja, kisha nikajifunza kupiga na kusafisha picha kwa bwana mmoja wa kutoka Muleba aliyekuwa na studio. Nikafungua yangu pale sokoni Kaisho. Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu na benchi, na nyuma yake chumba cha giza chenye balbu nyekundu. Nimepiga vipaimara, ndoa, vitambulisho na maiti. Wengi wa wilaya yetu wenye umri zaidi ya miaka arobaini wana picha yangu mahali fulani ukutani au kwenye sanduku la nguo. Simu zilipokuja nikafunga. Binti yangu aliyeko Bukoba akaniletea kamera ya dijitali iliyokwishatumika, akanionyesha vitufe vichache, akarudi kazini kwake. Vingine nilijifunza mwenyewe, nusunusu.

Kwenye filamu, mahali pasipofika mwanga hapana kitu. Unaweza kuisafisha upendavyo, haitatoa kitu ambacho haikukipokea. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo kichwani. Kwamba kamera mpya hufichua hata vilivyo gizani, kwamba mtu aliyekaa Kayanga anaweza kusogeza kitu kidogo kwenye kompyuta na ua mzima ukatokea, hilo sikulijua. Lakini sisemi hivyo ili nijitetee. Nililijua kabla picha haijachapwa.

Rafiki yangu na mimi tuliitana munywani, neno la kwetu la rafiki ambaye ni zaidi ya rafiki. Baba zake na baba zangu walitafuna kahawa ya udugu zamani, na sisi tukalirithi neno. Kibanja chake na changu, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, vinapakana. Nilipokwenda sekondari yeye ndiye aliyenibebea sanduku hadi barabarani, kwa sababu yeye hakuchaguliwa na mimi nilichaguliwa, na hata siku ile hakuonyesha kinyongo. Alikuwa mtu wa utani mwingi. Akinikuta studio na mteja alikuwa akisema, "Mpige vizuri huyo, posa imekataliwa mara mbili."

Nyota ile tuliisikia kwanza redioni. Walisema itaonekana magharibi baada ya jua kuzama, kwa siku chache tu, kisha itakwenda zake na wajukuu wa wajukuu wetu hawataiona. Jioni ya kwanza niliiona njiani, wakati narudisha mbuzi. Ilikuwa juu ya bonde la mto, nyeupe, mkia wake umesimama kama alama ya chaki iliyofutwa kidogo kwa kidole. Nilikuwa sijatamani kupiga picha miaka kumi.

Kwangu migomba imeziba upande wote wa magharibi. Kwa munywani nyumba iko ukingoni kabisa, na mbele ya ua wake ardhi inashuka hadi mtoni bila kizuizi. Jioni ya pili mawingu yalifunga. Ya tatu mvua ilinyesha. Ya nne kukawa kweupe, nikachukua kamera na stendi yake nikaenda.

Nilimkuta uani na vijana wawili wa pikipiki wenye pikipiki zao, na magunia yamepangwa katikati ya ua. Sikuhitaji kuambiwa. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba kahawa nyingine huteremka hadi mtoni, mpakani Murongo, kwa njia zisizo na forodha, kwa sababu ng'ambo bei ni nzuri na unalipwa ukiwa umesimama. Sikuwahi kumhukumu. Mwenyewe nilikuwa na miti mia mbili ya kahawa na nilielewa.

"Leo si siku nzuri, munywani," aliniambia kwa sauti ya chini. "Njoo kesho."

"Kesho ni mawingu. Umeona wiki hii ilivyokwenda."

"Hiyo nyota haina pengine pa kukaa isipokuwa juu ya kichwa changu?"

"Muulize aliyeiweka."

Akacheka. Akawatazama vijana, nao wakaangalia kando. "Haya. Piga juu. Huku chini usiguse."

"Huku chini ni giza. Hakuna kitakachoingia."

"Wewe ndiye fundi," akasema.

Mwezi ulikuwa mkubwa lakini ulikuwa mashariki, nyuma ya nyumba, na nyumba iliufunika ua wote kwa kivuli. Niliona kwa macho yangu kwamba mbele yangu ni weusi mtupu, na anga tu juu yake. Nikasimamisha stendi mwisho wa ua, upande wa nyumba, nikaweka sekunde kumi na tano, nikaondoa mkono. Nilipiga mara sita au saba. Kwenye kioo kidogo cha kamera nyota ilitoka vizuri na chini kulikuwa na giza, kama nilivyosema. Nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sasa nenda ukalale, tuna kazi." Nikaenda.

Siku chache baadaye mtendaji wetu aliona picha kwenye kamera yangu akaniomba nichapishe kubwa, itundikwe kwenye ukumbi wa mikutano, watu waone kwamba huku kwetu nako tuliitazama. Nikapanda gari kwenda Kayanga. Mama wa duka akaifungua, akasema ni nyeusi sana, akasogeza kitu, na ua wa munywani ukajitokeza polepole mbele yangu kama picha inavyojitokeza kwenye beseni la dawa.

"Kumbe kuna mtu hapa, mzee!"

Ndiye. Amesimama kiubavu, mkono mmoja juu ya gunia, uso ameuinua, mdomo wazi kidogo. Vijana wa pikipiki walikuwa wametikisika wakawa vivuli visivyo na sura. Yeye peke yake alitulia sekunde zote kumi na tano, kwa sababu alikuwa anaitazama ile nyota na amesahau kila kitu, hata mimi. Nyuma yake njia ya kuteremka mtoni ilionekana nyeupe. Juu yake mkia wa nyota.

Nimepiga watu maelfu, wote wamejikaza, wote wanajua wanapigwa. Huyu hakujua. Nilijua pale pale kwamba ndiyo picha bora niliyowahi kuipiga na kwamba sitapiga nyingine kama hiyo. Bila yeye, nyota ilikuwa mkwaruzo tu kwenye karatasi nyeusi.

"Huku chini nikate? Haya magunia yanaharibu."

Magunia niliyaona. Pikipiki niliziona. Njia niliiona. Nilimkumbuka aliponiambia nisiguse huku chini. Nikajiambia gunia ni gunia, linaweza kuwa la maharage. Nikasema acha kama ilivyo.

Mke wangu aliiona kabla sijaipeleka. Aliisogeza dirishani akaitazama muda mrefu.

"Baba watoto, huyu si shemeji?"

"Ndiye."

"Na haya je?"

"Nani atatazama magunia, na nyota iko juu?"

Aliirudisha kwenye gazeti nililoifungia, akarudi jikoni.

Picha ikatundikwa. Watu wakaja kuitazama, na mimi nikawa napita ukumbini hata nisipokuwa na shughuli. Wiki mbili hazijapita kukawa na mkutano wa kahawa, na baada ya mkutano ofisa mmoja mgeni akabaki mbele ya picha. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Shikamoo mzee. Wanasema umeipiga wewe."

"Marahaba. Ni mimi."

"Kwa simu?"

"Kwa simu haitoki hiyo, mwanangu. Kamera imetulia sekunde kumi na tano."

"Na huyu mzee naye alitulia muda wote huo?"

"Alikuwa anaitazama."

"Safi sana. Hapa ni wapi?"

"Ni kwetu kule, ukingoni."

"Ukingoni kwa nani?"

Hapo ndipo nilipoona kidole chake kilipokuwa. Hakikuwa kwenye nyota. Nikasema ni kwa jirani. Akaniuliza kama ni maharage yale, na nikasema nadhani ni maharage, na sauti yangu nikaisikia mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Akanishukuru kwa heshima, akaipiga picha yangu picha kwa simu yake, akaondoka.

Kutoka kwangu hadi kwa munywani ni mwendo wa dakika tatu. Ningeweza kwenda jioni ile ile nikamwambia: wameona, acha kwa muda. Lakini kumwambia wameona kungekuwa kumwambia waliona nini, na wapi, na nani alikiweka hapo. Nikajiambia huenda ofisa yule atasahau. Kila asubuhi niliamka nikisema nitakwenda leo. Jioni nilikuwa bado niko nyumbani. Siku ya tisa walimkamata njiani kuelekea mtoni, yeye, vijana wawili na kahawa yote.

Alifungwa miezi minane. Walipomhoji walimwonyesha picha ikiwa kwenye simu, kwa hiyo alijua, na kwa kuwa alijua, kijiji kizima kilijua. Nilingoja watu waje wanitukane. Hawakuja. Walikuja kunipa pole. "Mzee wa watu, hizi kamera za siku hizi zinaona hata usichokiona." "Umeponzwa na mashine." Hata mke wa munywani aliniambia kanisani, "Usijiumize, shemeji. Wewe ulipiga anga." Nilikuwa nimekaa kwenye benchi kati ya watu wawili na sikuweza hata kuinuka. Nikasema asante.

Ndivyo mlango wa kukiri ulivyofungwa. Sikusema uongo siku ile. Watu waliniandalia wenyewe mahali pa kuketi, nami nikaketi.

Alipotoka, alikuja kwangu kesho yake asubuhi, kabla hata hajaenda kuona kahawa yake. Alikuwa amekonda na amenyolewa, na kikohozi kimempata. Tukakaa mbele ya nyumba. Mke wangu alileta kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, akamsalimu, akaondoka haraka.

"Munywani," akasema, "nina swali moja, kisha hatutalizungumza tena. Kule dukani, kabla hawajaichapa. Uliniona?"

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje jibu likatoka upesi hivyo.

"Sikukuona."

Akapumua. Akanipiga bega akacheka hadi akakohoa. "Niliwaambia kule ndani! Niliwaambia, yule ni mzee wa balbu nyekundu, hajui kitu. Walibisha. Wakasema umeniuza. Nikawaambia, nyinyi hamumjui yule mtu, yule hawezi kuuza hata mbuzi wake mwenyewe."

Nikacheka naye. Nilicheka.

Kuanzia siku hiyo akawa anakuja jioni kila anapoweza. Nikitengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, namtumia kibuyu cha kwanza, na yeye hivyo hivyo. Alikuwa ananitania mbele ya watu: "Mwogopeni huyu, akisema anapiga nyota jua anakupiga wewe." Watu walicheka na mimi nilicheka. Mke wangu hakucheka. Kila munywani alipoketi, yeye alikumbuka kazi shambani. Siku moja usiku aliniambia, "Mimi nimeona ile picha dirishani. Unanifanya na mimi nimdanganye, na mimi sikupiga picha yoyote." Nikamwambia ni bora hivyo, mtu amesamehe, tumwache na amani yake. Akasema, "Amani ya nani?"

Kisha munywani akaniomba picha. Ukumbini ilikuwa imeshaondolewa na nilikuwa nayo chini ya kitanda. "Nipe, ni yangu, nimefungwa kwa ajili yake." Akaitundika sebuleni kwake, karibu na msalaba, na kiti changu pale kwake kilikuwa kinaitazama. Nikawa nabuni sababu za kutokwenda. Goti. Mvua. Mbuzi. Naye akawa ananifuata: "Kama goti haliji kwangu, mimi nalijia." Nisingeweza kuhama. Wazazi wangu wamezikwa kwenye kibanja changu, na sisi hatuachi makaburi. Nisingeweza kusema na nisingeweza kunyamaza mbele ya mtu anayenifurahia vile. Nilianza kulala vibaya, na nikisikia kikohozi chake kinakuja kwenye njia ya migombani nilikuwa natamani, Mungu anisamehe, kigeuke kirudi.

Mwaka huu aliamua kuwagawia wanawe wawili kibanja chake angali hai. Kwetu jambo hilo hufanywa mbele ya watu wa ukoo, na huhitajika shahidi mmoja asiye wa ukoo, ambaye hutembea mpakani na wanaogawiwa na kugusa kila mramura, ule mmea wa mpaka, ili siku mwenyewe hayupo na ndugu wanagombana, neno la mtu huyo ndilo linalomaliza. Hachaguliwi mtu wa hivi hivi.

Tulikuwa kumi na wawili pale uani, ua ule ule. Akasimama akasema, "Shahidi wangu ni huyu hapa. Nimeishi naye tangu tukiwa hatuna nguo. Amenifunga gerezani bila kujua," watu wakacheka, "lakini kunidanganya, hajawahi. Atakalowaambia, ndilo." Mwanawe mkubwa akanijia akainama kidogo kwa heshima, akaninyooshea fimbo ya kutembelea mpakani.

Sikuipokea. Nikamwambia munywani naomba tuzungumze kando.

Tulisimama kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Nilimwambia kwa kifupi, kwa sababu kwa urefu nisingeweza. Kwamba nilimwona dukani. Kwamba niliulizwa kama wakate. Kwamba ofisa aliponiuliza nilijua, na siku tisa sikuja.

Nilisikia wale wengine uani wanazungumza habari ya mvua.

"Uliponiona," akasema, "ulifikiri nini?"

"Niliona ni nzuri."

"Nzuri."

"Ndiyo. Ulivyokuwa unaitazama."

Akatazama chini kwenye maganda ya kahawa. "Ungeniambia siku ile nilipotoka, ningekupiga. Ningekupiga kweli. Wiki ijayo tungekunywa."

"Najua."

"Nimecheka na wewe miezi yote hii. Nikawaita watu waje wacheke." Akatikisa kichwa. "Nenda nyumbani."

Hakupaza sauti. Alirudi uani akawaambia watu wa ukoo kwamba shahidi atatafutwa mwingine, na hakusema kwa nini. Jioni mkwewe alileta picha. "Baba amesema ni yako," akasema, akapiga goti kuniaga kama kawaida, akaenda.

Nilimtuma mzee mmoja wa kanisani na kibuyu cha pombe kuniombea msamaha, kama desturi ilivyo. Kibuyu kilirudi kimejaa. Nikaenda mwenyewe, mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa amelala, ilikuwa saa nne asubuhi. Mara ya pili alitoka mlangoni akaniambia, "Kukusamehe nimekusamehe, nimeungama hilo. Kukaa na wewe sitaweza." Mke wangu alikwenda kwa binti yetu Bukoba kwa wiki mbili na bado hajarudi. Akipiga simu huuliza habari za mbuzi.

Nina miaka sabini na mbili. Kwa sababu nilisema acha kama ilivyo, mtu asiye na hatia kwangu alikaa gerezani miezi minane akatoka na kifua kibovu, na kwa sababu sikukiri aliponiuliza, nimepoteza rafiki pekee niliyekuwa naye tangu utotoni. Anaishi dakika tatu kutoka hapa. Tukikutana njiani, hupita.